Hatua Nne

Ukuta wa jiko langu unapoishia
kuna kipande cha ardhi: hatua nne upana, thelathini urefu,
nikipima kwa viatu vya mvua.
Kina magugu yawashayo, beseni la kuogea lililopinduliwa,
na mtofaa mmoja uliojiotea bila kubisha hodi.
Ng'ambo yake ni tuta la reli.
Treni ya mwisho ilipita mama akiwa shuleni.

Nilimwuliza Idwal wa namba saba.
"Cha mgodi," alisema, na mgodi ulishafungwa.
Nikamwuliza mkewe. "Cha kanisa,"
na kanisa sasa ni duka la mazulia.
Mtoto wao akiegemea baiskeli: "Si cha mtu."
Mlango mmoja, majibu matatu.

Nikawaandikia wasajili wa ardhi, nikalipa ada,
nikasubiri kama asubiriye majibu ya damu.
Ikaja ramani.
Nyumba yangu imezungushiwa wino mwekundu,
ya Idwal vilevile, na tuta lina rangi yake ya serikali.
Katikati, weupe.
Pengo la jino kwenye kinywa kinachocheka.
"Hakuna kumbukumbu," waliandika, wakagonga muhuri.
Kumbe hata hakuna huhitaji muhuri.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo isemwavyo.
Lakini hii haikupotea. Ipo.
Upepo ukitoka mlimani inanikwaruzia dirisha usiku kucha.
Aliyepotea ni mwenyewe.

Ilikuwa Mererid, karani wa halmashauri, mafua yamemziba pua,
aliyeniteremshia sanduku lililonuka panya na gundi.
Hati ya mwaka elfu moja mia nane themanini na tisa.
Hopcyn Treharne, mwashi,
alijenga nyumba saba, akauza saba,
na pembeni, kwa penseli, mkono umekandamiza hadi karatasi ikachanika:
"Hatua nne za mashariki nazizuia.
Probert asipate pa kupitisha mkokoteni.
Anajua alichowafanya bata bukini wangu."

Nilisoma mara mbili. Mererid akapenga kamasi.
Miaka minane baadaye reli ilikuja
ikameza shamba la Probert, na banda, na njia ya mkokoteni,
na kinyongo kikabaki pale pale kimesimama zamu,
kinalinda mlango usio na mpitaji.
Miaka mia na zaidi nimekuwa nikimwaga maji ya vyombo,
mimi na walionitangulia jikoni,
juu ya ugomvi wa bata.

Nikampata kitukuu, Olwen, miaka tisini na mmoja,
katika nyumba ya wazee kando ya bahari.
"Babu Hopcyn? Alikufa bila wosia,
ameacha watoto kumi na mmoja na deni la bia."
Wawili walikwenda Patagonia. Mmoja alikwenda baharini tu.
Usiku nikachukua kalamu nikagawanya:
kila mrithi aliye hai, nikimpata,
hafikishi upana wa kijiko.

Wakili alinishauri nizungushie ua,
nikae miaka kumi na miwili, ninyamaze.
Nina miaka sitini na minane.
Kunyamaza nitaweza.

Jumamosi nikaburuta beseni, nikalima mstari wa kwanza,
nikapanda liki. Udongo mweusi, una vipande vya makaa,
na kitu cheupe chembamba
ambacho huenda ni mfupa wa ndege.
Nilikirudisha nilipokikuta.

Idwal akaja na koleo lake. Hakusema neno.
Akaanza upande wa pili, chini ya mtofaa,
na kwa saa nzima tulisikia chuma na mawe tu.
Kisha akanyoosha mgongo,
akapiga hatua kutoka ukutani hadi tutani,
akihesabu kwa midomo.

"Tano," alisema.

Nilitazama buti zake. Ana miguu midogo, Idwal,
sikuwahi kuiona kabla ya siku ile.
"Nne," nilisema.